Hofu Tamu Imelala Karibu na Gasenyi

*Shangazi, nina miaka 26, nakaa Gasenyi, Bujumbura. Kila Jumamosi mimi na rafiki zangu tunapanga kutembea hadi mpango unatufia mikononi: mara mafuta hayapo, mara pesa haitoshi. Nabaki chumbani nikisoma hadithi za kutisha kwenye simu. Zamani zilininyima usingizi. Sasa namaliza kumi, damu na mayowe tu, sihisi kitu. Je, nimeharibika?*
*Mwenye Kiu*

Mwanangu, hujaharibika. Hadithi hizo zinatokea katika nyumba isiyo na mtaa, kwa watu wasio na mama. Utaogopaje mlango ambao hujawahi kuupita?

Mfikirie Gustave. Ni mamba kweli, wa Mto Rusizi, na Mfaransa Patrice Faye ndiye aliyempa jina. Faye na wenzake walimtegea kizimba kikubwa cha chuma, hakuingia. Filamu ya mwaka 2004 ikaonyesha juhudi hizo. Wamarekani nao wakamtungia sinema yao, Primeval, mwaka 2007. Ila kwetu amekua kwa midomo ya watu. Kila anayemsimulia anaujua ukingo ule, ameona mtu akifua pale, na wapo waliopoteza jamaa, kwa hiyo jina lake halitajwi kwa mzaha. Ndiyo maana linasisimua kuliko mayowe yako kumi.

Basi Jumamosi hii msipange kitu. Mchukue rafiki mmoja tu, yule anayevaa viatu kabla ya kuuliza mnakwenda wapi. Mafuta yakikosekana, miguu ipo. Ingieni Buyenzi, mnunue chochote kinachochomwa barabarani, kisha mtafute mzee aliyekaa kibarazani. Mwamkieni vizuri, mwombeni hadithi moja tu ya zamani. Kiswahili kimeota mizizi mtaani humo, na mkiketi kwa adabu sidhani mtaondoka mikono mitupu.

Alasiri teremkeni Ziwa Tanganyika. Hewa ikiwa safi, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Tazameni maji yale mkijua kuwa mahali penye kina kikubwa, chini kabisa ni mita 1,470. Kaeni kimya na hesabu hiyo. Lakini jua likianza kuzama, ondokeni: viboko hutoka kula majani usiku, na kiboko hana simile. Hapo sikutanii, mwanangu.

Usiku huo ndio usome. Tafuta kitabu Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla, kilichotoka 1960: maiti imekutwa mzimuni, na mpelelezi Bwana Msa anakataa kumsingizia mzimu. Kisha Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 2001, ambamo marehemu anamrudia mjukuu wake, mkubwa wa serikali. Hicho cha pili nakipenda zaidi, maana babu yule haji kumla mtu. Anakuja kumwonyesha mjukuu alichokifanya. Msomeane kwa sauti, na umeme ukikatika msikimbilie tochi.

Huenda vitabu hivyo visipatikane haraka. Usirudi kwenye simu. Mwombe bibi yako hadithi ya zimwi, umwache aisimulie polepole.

Ile ya Buyenzi niandikie. Nami naitaka.

*Shangazi*