Wimbo wa kinanda kwenye nyuzi za nanga: mwongozo kwa mwalimu wa onyesho la wanafunzi

Mwalimu wa muziki huko Mabawe, wilayani Ngara, akitaka wanafunzi wake wapande jukwaani na nanga badala ya kinanda, asianze kwa kuorodhesha nyimbo anazozipenda. Aanze kwa kuhesabu nyuzi. Nanga ya ukanda huu, iwe ya Wahaya wa Bukoba au ya Warundi ng'ambo ya mpaka, ni ubao uliochongwa katikati kama hori, na uzi mmoja mrefu uliopitishwa ukienda na kurudi hadi zikapatikana nyuzi 7 au 8, pengine zaidi. Kwa kawaida hutuniwa kwa mfumo wa sauti 5, zinazokaribia do, re, mi, so na la. Fa na ti hazimo. Ndiyo maana wimbo wa taifa, ambao watoto wote wanaujua, ni chaguo baya: ti imo tangu mstari wa kwanza.

Tatizo hili la kuhamishia wimbo wa kinanda kwenye nyuzi si la Ngara peke yake. Kinubi kikubwa cha Ulaya kina nyuzi 47 na pedali 7, na kila pedali hupandisha au kushusha sauti yake kwa nusu hatua. Piano ina vibao 88. Tena mpiga piano hutumia vidole kumi, ilhali mpiga kinubi huacha vidole vidogo vya mikono yote miwili. Mwanafunzi wa kinubi anayetaka kupiga kazi za piano za Warusi na Waarmenia hulazimika kuchagua kwa makini. Mtunzi Mrusi Sergei Prokofiev alimrahisishia: Preludi yake ya opus 12, namba 7, imeandikwa kwa piano au kinubi, naye aliitoa kwa heshima ya mpiga kinubi Eleonora Damskaya. Toccata ya Mwarmenia Aram Khachaturian ya mwaka 1932 ni shughuli nyingine. Ina sauti zinazorudiwa kwa kasi, na uzi ukiguswa tena ungali unatetemeka, mlio wa kwanza hukatika na uzi hukwaruza.

Wa kumfuata zaidi, kwa maoni yangu, ni Komitas, kasisi wa Armenia aliyekusanya nyimbo za vijijini na kufariki Paris mwaka 1935. Katika ngoma zake sita za piano alieleza ni ala zipi za kijijini ambazo mpigaji aziigize. Mpiga kinubi anayezichukua ngoma hizo anazirudisha, kwa sehemu, zilikotoka, kwenye nyuzi.

Kwenye nanga, kazi yenyewe ifanyike hivi. Mwanafunzi auimbe wimbo wote kwa do-re-mi bila ala, na kila penye fa au ti apige alama. Zikiwa alama mbili tatu, na ziko katikati ya neno, sauti jirani itatosha. Zikiwa mwishoni mwa mstari, tafuta wimbo mwingine, maana hapo ndipo sikio la msikilizaji linapongoja. Kisha ondoa besi na sauti za kati za kinanda. Usijaribu kuzibakiza zote. Acha melodia, na uzi mmoja mzito wa kushikilia mapigo. Wimbo ukiwa na maneno ya Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, mpe mzee anayeijua lugha ausikilize mapema: toni ya neno ikipindwa na melodia, wasikilizaji watasikia neno jingine, na hapo usishangae wakicheka.

Mwalimu akihitaji sauti zote 7, kuna adungu, kinubi cha upinde cha Waalur wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambacho siku hizi hutuniwa kwa do-re-mi kamili na hutumika hata makanisani. Kwa kikundi cha wanafunzi ni njia rahisi, kwa kuwa hutengenezwa kwa ukubwa tofauti, mdogo kwa melodia na mkubwa kwa besi.

Sasa ukumbi. Nanga ina sauti ndogo mno. Burundi kuna waimbaji wanaonong'ona maneno badala ya kuyaimba, ili mnong'ono na uzi vichukuane. Chini ya paa la bati, mvua ya Aprili itazima kila kitu, hivyo panga onyesho kati ya Juni na Agosti. Viti viwe nusu duara, karibu na wapigaji. Kama kuna kipaza sauti kimoja tu, kielekeze kwenye mwili wa nanga, na mwimbaji asogee.

Nyimbo nne au tano zinatosha. Uzi hulegea hali ya hewa ikibadilika, kwa hiyo ala zifikishwe ukumbini saa moja au mbili kabla ya kuanza, na kati ya wimbo na wimbo pawe na mtu wa kueleza habari fupi wakati mpigaji anatuni. Habari zipo tele. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliandika tasnifu nzima kuhusu tendi za nanga za Wahaya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, na kisa kimoja kutoka humo kitawashika watu kuliko utambulisho wa wageni.

Mwaliko wa kwanza upelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya, wa pili kwa Radio Kwizera pale Ngara. Wakija kurekodi, waombe wafanye hivyo kwenye mazoezi ya mwisho, kabla watoto hawajaanza kupiga makofi na vigelegele juu ya uzi.