SOMO: Tuhesabu Kilichobadilika, Siyo Kilichotolewa Tu

Somo hili ni kwa familia zilizohamishwa na kwa viongozi wao: wakuu wa kata, viongozi wa kimila na wa dini, akina mama na vijana. Shabaha yake ni kutusaidia kujua kama mradi uliokuja kwetu umezaa matunda, na la kufanya kama haujazaa. Linaweza kusomwa katika kikundi cha watu 10 hadi 20.

1. Hali yetu

Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu 2015, una komini mbili, Dilala na Manika. Shaba na kobalti ziko chini ya mitaa yenyewe. Mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za Kasulo, na mwaka 2017 familia nyingi zikahamishwa ili pawe machimbo. Cité Gécamines nayo ilifikiwa na upanuzi wa mgodi wa kampuni ya COMMUS. Septemba 2023 Amnesty International, pamoja na shirika la Kongo IBGDH, walitoa ripoti. Walieleza kwamba fidia haikutosha kununua nyumba ya kiwango kilekile. Wengi walikwenda kukaa pembezoni mwa mji, katika nyumba zisizo na maji ya bomba wala umeme.

Tukifungua daftari la malipo, kazi imekwisha: fedha zimetoka, sahihi zipo. Tukimuuliza mama anayenunua maji kwa bidoni, kazi haijakwisha. Wote wawili wanasema kweli, lakini wanapima vitu viwili tofauti.

2. Ngazi tatu

Katika kila mradi tutenganishe mambo matatu: kilichoingia, kilichofanyika na kilichobadilika.

Tuchukue mfano wa bomba la maji. Fedha na saruji ndiyo kilichoingia. Bomba limejengwa na kuzinduliwa: hicho ndicho kilichofanyika. Lakini je, binti aliyekuwa akiamka usiku kuchota maji sasa anafika shuleni kwa wakati? Je, watoto wanaoharisha wamepungua? Hicho ndicho kilichobadilika. Ripoti nyingi huishia ngazi ya pili, kwa sababu bomba ni rahisi kupigwa picha. Sisi tuulize mpaka ngazi ya tatu.

3. Tuandike kabla ya kuhama

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuhama, kila familia iandike idadi ya vyumba, maji, umeme, miti ya matunda, shamba, wapangaji na kodi wanayolipa, mapato ya mwezi, na umbali wa kwenda shule, hospitali na soko. Jirani aweke sahihi kama shahidi, na nakala moja ikae mahali pengine.

Hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya madini, iliyorekebishwa Machi 2018, inataka fidia ilingane na kodi au thamani ya ardhi wakati inapochukuliwa, kisha iongezwe nusu. Kama hakuna aliyeandika thamani, hiyo nusu itahesabiwa juu ya nini?

Waliokwisha kuhama wasikate tamaa. Majirani wa zamani wakae pamoja, wachore ramani ya mtaa wao, nyumba kwa nyumba. Anachosahau mmoja, mwenzake atakikumbuka.

4. Dalili chache, zipimwe tena na tena

Tuchague dalili tano tu, na tuzipime kila baada ya miezi sita kwa maswali yaleyale:

- Maji: dakika ngapi kwenda na kurudi, na bidoni moja ni franka ngapi?
- Chakula: katika siku 7 zilizopita, siku ngapi familia ilikula mara moja tu?
- Shule: watoto wangapi wanasoma, na wangapi wako machimboni?
- Kazi: mapato yamepita yale ya zamani, yamelingana, au yamepungua?
- Ujirani: je, unaweza kumwachia jirani mtoto wako au ufunguo wa nyumba?

Mwaka 2010 mashirika ya kibinadamu yalikubaliana juu ya mambo 8 ya kuangalia kama waliohamishwa wamepata suluhisho la kudumu. Miongoni mwake ni usalama, maisha ya kufaa, kazi, nyumba na ardhi, hati za utambulisho, na kushiriki katika mambo ya umma. Dalili zetu tano ni mlango wa kuanzia.

Tuwe waangalifu na wastani. Familia tisa zikichota maji kwa dakika kumi, na mjane mmoja kwa saa mbili, wastani utasema hali si mbaya, na mjane atasahauliwa. Tuwasikilize wanawake, vijana, wazee na wapangaji kila kundi peke yake.

5. Amani nayo hupimwa

Kolwezi inakumbuka miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga na maelfu wakangojea treni vituoni. Kwa hiyo mradi unaowapa wageni maji na kuwaacha wenyeji na kiu, au kinyume chake, unaweza kufaulu kwenye karatasi na kupanda ugomvi. Pande zote mbili ziulizwe maswali yaleyale, na zisikie majibu pamoja.

6. Kutoka kupima hadi kurekebisha

Sheria ya 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa komini, sekta au himaya ya kimila mgodi ulipo. Tena inadai kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Basi wakazi wana haki ya kuuliza: kimeingia kiasi gani, kimefanya nini, kimebadilisha nini?

Twende ofisini na ukurasa mmoja: dalili tano, hali ya zamani, hali ya sasa. Majina ya familia yabaki kwetu, kwa usalama wao. Tukubaliane nani atafanya nini na kwa tarehe gani, kisha turudishe habari kwa waliotupa majibu.

Kiongozi naye asipigwe vita kwa sababu namba ni mbaya. Akiogopa kuaibishwa, ataficha. Namba mbaya iliyosemwa mapema inaweza kurekebishwa. Iliyofichwa huja kulipuka baadaye.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mtaa wetu, ni mradi gani uliozinduliwa lakini haujabadilisha maisha? Kwa nini?
2. Ni nani ambaye hajawahi kuulizwa?
3. Tukichagua dalili moja ya kuanza kupima wiki hii, ni ipi, na nani atashika daftari?