Dawa za Kupunguza Unene: Tuzijue Hatari Zake

Mtu akiambiwa na daktari apunguze uzito kwa sababu ya presha au kisukari, mara nyingi hutafuta njia ya mkato. Dawa za kupunguza unene zipo, lakini hutolewa kwa cheti cha daktari, tena baada ya vipimo.

Yaliyopita yatufunze. Mwaka 1997 fenfluramini iliondolewa sokoni Marekani baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo. Mwaka 2010 sibutramini iliondolewa huko na Ulaya, kwani iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Hata hivyo, bado hukutwa imefichwa ndani ya vidonge vinavyoitwa "vya asili".

Siku hizi inayosifiwa ni sindano ya semaglutaidi, iliyoanza kama dawa ya kisukari. Hupunguza njaa na kukichelewesha chakula tumboni. Inasaidia, ila tuangalie haya:

1. Huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Mwili ukikaukiwa maji, figo zaweza kuumia.

2. Yaweza kuleta mawe kwenye mfuko wa nyongo na, mara chache, uvimbe wa kongosho. Tumbo likiuma sana bila kukoma, wahi hospitali.

3. Kwa anayetumia insulini au glibenklamidi, sukari yaweza kushuka mno.

4. Mama mjamzito asiitumie. Anayetaka kushika mimba aiache miezi 2 kabla.

5. Kabla ya kuanza kutumiwa hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafiri juani ndani ya mkoba isiaminiwe.

Zipo pia za bandia. Mwaka 2023 huko Austria watu walilazwa baada ya kujidunga sindano bandia. Sukari yao ilishuka, ikashukiwa kuwa mlikuwa na insulini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo.

Tufanye nini? Tusinunue dawa hizi mkononi mwa mtu wala kwa kuagiza kwa simu. Ukiitilia dawa mashaka, toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Tupunguze kwanza soda, mafuta na ukubwa wa tonge. Ugali wa uwele kwa mlenda na kunde unatosha kushibisha. Tutembee kila siku.

Na wewe unayezitumia kwa siri, usione haya: mwambie daktari, hasa kabla ya upasuaji. Asipojua ulichokunywa au kujidunga, atatibu kwa kubahatisha.