Kinga-radi kwa Daftari la Hesabu

Masika yaliyopita radi ilipiga mnazi karibu na kwetu Likoni, ukapasuka toka kilele hadi shina. Kesho yake darasani tukabishana. Mmoja akasema chuma juu ya paa huita radi, bora kiondolewe. Mwingine akasema la, huifukuza. Mwalimu wetu wa Fizikia akacheka, akatwambia sote tumekosa.

Kinga-radi haifukuzi radi wala haiiti kutoka mbali. Huipokea ile ambayo ingeshuka hapo hapo, ikaipeleka ardhini kwa waya mnene badala ya kupita ukutani na vichwani mwetu. Benjamin Franklin wa Marekani ndiye aliyekibuni chombo hiki katika miaka ya 1750, naye alitaka ncha kali kama sindano. Mfalme George wa Tatu wa Uingereza akapendelea ncha butu. Ubishi ukaendelea zaidi ya miaka mia mbili! Charles Moore na wenzake wakasimamisha vyuma vya aina zote mbili mlimani huko New Mexico kwa miaka saba. Matokeo yao yalitoka mwaka 2000: vyuma butu 12 vilipigwa, vyenye ncha kali hata kimoja.

Lakini nani ana miaka saba ya kungojea radi? Ndipo kompyuta inapoingia. Inaigiza wingu, ardhi na chuma kwa tarakimu tupu. Usiogope, jambo lenyewe waweza kulifanya kwa daftari la hesabu, mimi nimelifanya.

Chora visanduku vitano kwenda juu na vitano kwenda kando. Safu ya juu kabisa ni wingu, andika 100 kote. Ya chini kabisa ni ardhi, andika 0. Zilizo katikati, ukishuka, jaza 75, 50 na 25. Sasa simamisha kinga-radi: katika mstari wa katikati, futa 25 na 50, uweke 0, kwa sababu chuma kimeungana na ardhi. Kingo za nje na chuma usiviguse tena. Vimebaki visanduku saba tu. Kila kimoja kipe wastani wa majirani wake wanne, yaani wa juu, wa chini, wa kulia na wa kushoto. Ukimaliza, rudia, tena na tena, hadi tarakimu zitulie. Kisanduku kilicho juu ya ncha, mara ya kwanza utapata 62.5, na mwishowe kama 58.

Maana yake nini? Bila chuma, kila hatua ilipanda 25. Juu ya ncha sasa hatua moja inapanda 58, na umeme huanza kuruka pale panapopanda ghafla. Tena tazama kisanduku kilicho kando ya shina la chuma: kilikuwa 25, sasa ni kama 14. Hapo hatua imepungua. Nilipofupisha chuma kiwe kisanduku kimoja, juu ya ncha nilipata 41 badala ya 58. Kumbe urefu una kazi yake.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa visanduku mamilioni, na wabunifu hubadilisha ncha, urefu na mahali pa kuweka bila kununua hata msumari. Ncha kali mno huvujisha umeme hewani, na umeme huo ukaifunika ncha yenyewe kama mwavuli. Butu haifanyi hivyo upesi, ndiyo maana vile 12 vilipigwa.

Kwa shule jambo hili si mchezo. Mwezi wa Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Kiryandongo, Uganda. Baadaye shule hiyo ilifungiwa kinga-radi. Januari 2025 wakafa wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari ya Businda, Bukombe, mkoani Geita, Tanzania.

Tena kuna la chini ya ardhi. Radi ya kawaida hubeba kama ampea 30,000. Ukinzani wa ardhi ukiwa omu 10, V = IR inatupa volti 300,000. Ukiwa omu 100, volti milioni 3! Huku kwetu ukichimba kidogo wakutana na mwamba wa matumbawe, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Kwa hivyo fundi anayefunga kinga-radi Likoni hawezi kuiga tu kipimo cha mahali penye udongo mweusi wenye maji. Lazima apime.

Na kompyuta haijui kila kitu. Shule moja niliyosoma zamani ina chuma kizuri juu ya paa, chaonekana toka barabarani. Nilipopita hapo juzi nikaufuata waya wa shaba kwa macho ukutani, ukafika dirishani, ukaishia hapo. Wezi wa vyuma chakavu wameukata. Chini ya dirisha hilo ndipo watoto wa darasa la kwanza wanapojikinga mvua.