Riwaya Yako ya Upelelezi Inatoka, Nawe Uko Unguja

Umeandika riwaya ya upelelezi ya Unguja ya zamani, na unaishi papo hapo kisiwani? Hongera! Umeingia njia aliyoifyeka Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* ilichapishwa 1960 na kumtambulisha mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Wasomaji wake wamelea watoto na wajukuu wenye jicho kali, basi jiandae.

1. Hakiki pepo kabla kitabu hakijaenda mtamboni. Majahazi ya Arabuni yaliteremka na kaskazi, kuanzia Desemba hivi, yakarudi kwao na kusi. Ukimshusha nahodha wa Maskati Forodhani mwezi wa Julai, mzee yeyote wa Malindi atakifunga kitabu hapo hapo. Lakini elimu hiyo hiyo ni hazina kwako. Mshukiwa na adai kwamba usiku wa mauaji, katikati ya Julai, ndiyo kwanza anaingia na jahazi kutoka Sur. Mpelelezi wako hana haja ya alama za vidole. Upepo umeshamtolea ushahidi.

2. Pitia pesa na majengo. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883, kwa hiyo mwizi wa 1870 asijifiche kwenye kivuli chake. Rupia zilitumika mpaka 1936, ndipo ikaja shilingi.

3. Usimzulie marehemu wa watu. Hili nalisisitiza kuliko yote. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, ukavuma uvumi wa sumu. Khalid bin Barghash akaingia kasrini kushika utawala bila ridhaa ya Waingereza, na siku mbili baadaye manowari zao zikapiga mizinga. Vita vikaisha kabla havijatimiza saa nzima. Mwandishi gani wa mafumbo asiyetamani kisa hicho? Kitumie, nenda Nyaraka za Kilimani ukasome, lakini uvumi uache uwe uvumi. Mbuni muuaji wako mwenyewe, mpe jina na mtaa wa kubuni. Kisiwani, wajukuu wa waliotajwa kwenye historia ni majirani zako: mnaswali msikiti mmoja, mnazikana. Babu wa mtu akitiwa hatiani bila ushahidi, jeraha hilo halitibiwi na neno “riwaya” kwenye jalada.

4. Chagua siku ya uzinduzi kwa kalenda ya kisiwa. Ramadhani iache, watu wana futari na tarawehe. Masika nayo iogope. Kama vitabu vinachapwa Dar es Salaam, mzigo uvuke siku kadhaa kabla, umefungwa nailoni ndani ya boksi. Ukishaupokea, usiuegemeze kwenye ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe: mawe na chokaa hutoa unyevu, na karatasi huvimba. Weka juu ya meza, katikati ya chumba.

5. Mlinde muuaji wako. Habari ikitoka Darajani asubuhi, jioni iko Nungwi. Barazani soma mpaka maiti inapoonekana, kisha funika kitabu, hata wakusihi vipi. Wanaokusomea mswada mapema wape bila sura ya mwisho, halafu waulize wanamshuku nani. Wote wakimtaja mtu mmoja, na ndiye, rudi mezani. Wakigawanyika, wakabishana mpaka kahawa ikapoa, una kitabu.

6. Pemba ipate kitabu siku moja na Unguja. Wasomaji wa Wete na Chake Chake wamechoka kuletewa vitabu baada ya miezi, mwisho wa kisa wameshausikia kwa shemeji zao wa mjini. Tuma boksi lao kwa meli ya Mkoani kabla hujatangaza tarehe, na mwombe mwalimu mmoja wa Kiswahili aliye huko asome hadharani sura ile ile utakayosoma wewe, jioni ile ile.