Toa Kidogo, Toa kwa Siku Yake

Haya wadogo zangu, leo tuzungumzie maji. Kati ya maswali yote mnayoniletea kuhusu matangi ya matumbawe, hili halina mwisho: dada, nibadilishe maji kila baada ya muda gani? Mmoja kaambiwa kila siku tatu. Mwingine kaambiwa mara moja kwa mwezi inatosha. Mwingine kauziwa chupa ya dawa akahakikishiwa kwamba hatashika ndoo tena maishani.

Jibu nalitoa mapema, mwenye haraka aondoke nalo. Kama tangi lako halizidi lita 200, lina samaki wachache na matumbawe laini, toa asilimia 10 ya maji kila wiki, siku ileile. Ukishindwa, toa asilimia 20 kila wiki mbili. Anayetaka kujua sababu, avute kiti.

Samaki akila, anatoa amonia. Bakteria waliojishikiza kwenye mawe wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Amonia na nitriti ni hatari, lakini tangi lililokomaa linazimaliza lenyewe. Nitrati ndiyo inayobaki na kujilimbikiza, na ndiyo sababu kubwa ya kushika ndoo. Sasa fuateni hesabu hii. Tuseme nitrati kwenye tangi lako inapanda miligramu 5 kwa lita kila wiki. Ukitoa asilimia 10 kila wiki, haitaisha. Itapanda polepole hadi ikaribie 50, na hapo kinachoingia na unachotoa vitalingana. Ukitoa asilimia 20, itasimama kwenye 25. Matumbawe mengi yanapendeza kati ya 2 na 10. Mmeona? Ndoo peke yake haimwokoi anayemwaga chakula. Lisha kinacholiwa ndani ya dakika mbili tatu, basi, halafu ndoo ifanye kazi yake.

Wapo wanaodhani maji yakibadilishwa kila mara ndipo tangi linakuwa salama zaidi. Hapana. Nitrati na fosfati zikifika sifuri kabisa, matumbawe yanapauka kwa njaa, na ute wa kahawia unaweza kutanda juu ya mchanga. Maji ya tumbawe yanatakiwa yawe na chakula kidogo ndani yake.

Na kwa nini tusitoe nusu ya tangi mara moja kwa mwezi, tukapumzika? Kwa sababu tumbawe linavumilia hali isiyo kamili, ila halivumilii mabadiliko ya ghafla. Nusu ya maji ikiingia na joto tofauti na chumvi tofauti, siku hiyohiyo utaliona limejikunja.

Hapa nataka niwashike mkono kabisa: kujazia si kubadilisha. Maji yakikauka, chumvi haikauki nayo. Tangi la lita 100 lenye chumvi gramu 35 kwa lita likipoteza lita 5, chumvi inafika karibu 37. Kwa joto letu la Dar au Mombasa, na feni ikipuliza juu ya tangi ili kulipoza, lita 5 zinaweza kuondoka ndani ya siku chache tu. Basi bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji, na kila siku jazia maji matamu yaliyochujwa mpaka kwenye utepe. Ukijazia ya chumvi, unaongeza chumvi juu ya chumvi. Ni kosa ninalokutana nalo sana kwa wanaoanza, na linaua bila kelele.

Tuje kwenye siku yenyewe. Maji yaandae jana yake. Maji matamu yawe yamepita kwenye mashine ya kuchujia inayoitwa RO. Ya bomba yana klorini na pengine shaba ya mabomba, na shaba inaua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi ambacho samaki hata hakioni. Maji ya kunywa ya dukani mengi yameongezewa madini, kwa hiyo usiyategemee. Chumvi iwe ile ya matangi ya bahari, si ya mezani. Weka takribani gramu 350 kwa ndoo ya lita 10, acha pampu ndogo izungushe usiku kucha, kisha pima: gramu 35 kwa lita, joto sawa na la tangi. Chumvi kavu usiitie kamwe kwenye tangi lenye viumbe.

Zima pampu na hita kwanza, maana hita ikiachwa nje ya maji ikiwa inawaka, hupasuka. Jaza mpira maji kwenye bomba, ziba kwa kidole, tia ncha moja kwenye tangi, nyingine iteremshe kwenye ndoo. Msinyonye mpira kwa mdomo, nawasihi. Jamii ya matumbawe inayoitwa Palythoa, ile yenye vikombe kama vifungo, inaweza kuwa na palitoksini, sumu kali sana kwa binadamu. Vaeni glavu, na mkono wenye jeraha usiingie humo. Mpira upitishe kwenye kona ambako uchafu unatulia, nyuma ya mawe. Maji mapya yarudishe polepole.

Nyinyi mlio pwani mna neema: bahari ipo. Lakini si kila maji ya bahari ni ya kuchota. Nenda mbali na mdomo wa mto, mbali na bandari na mabomba ya maji machafu. Chota wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, yakiwa maangavu. Siku za masika acha kabisa, kwani mvua inashusha chumvi na kuleta tope. Ukifika nyumbani, yachuje kwa kitambaa safi, uyapime chumvi. Na ukienda kuchota maji, chota maji tu. Usivunje tumbawe mwambani. Biashara ya matumbawe magumu ya aina zote kuvuka mipaka ya nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, na tumbawe lililochukua miaka kukua halina ulazima wa kuja kufia sebuleni.

Ratiba inavunjwa lini? Kuna samaki kafia nyuma ya jiwe na amonia imeonekana kwenye kipimo. Au mtu kapuliza dawa ya mbu chumbani, dawa ambazo nyingi ni sumu kali kwa samaki na kamba. Hapo usingoje siku yako ya ratiba: toa asilimia 30 hadi 50 siku hiyohiyo kwa maji yaliyopimwa. Ndiyo maana nasema kila mara, pipa moja la maji tayari liwepo nyumbani.

Kwa mwenye matumbawe magumu nina neno la ziada. Hayo yanakula kalsiamu na ualkali kujenga mifupa yao, na ndoo haiwezi kuyafuata. Ualkali ukishuka hadi 6 kwa kipimo cha dKH, nawe ukabadilisha asilimia 10 kwa maji yenye 8, utapata 6.2 tu. Lazima uongeze madini kila siku kwa kipimo. Wapo mafundi wanaokaa miezi bila kubadilisha maji, nakubali, lakini hao wanapima na kuongeza kila kinachopungua. Anayeanza asiwaige.

Wiki hii pima nitrati kabla ya kutoa maji, uandike kwenye daftari. Wiki ijayo fanya hivyohivyo. Baada ya miezi miwili, namba zikiwa zinapanda, punguza chakula au ongeza asilimia. Zikiwa zimetulia kati ya 2 na 10, usiguse ratiba yako hata jirani aseme nini. Na kabla hujanunua tumbawe jingine, mdogo wangu, nunua kwanza kipimo cha chumvi.