SSR Ikigoma Kuzima, Nani Atazima?

Likizo ya Desemba nilirudi nyumbani Tabora na kiherehere chote cha mwanafunzi wa ualimu wa fizikia. Mama na wenzake wa kikoba walikuwa wanakausha maembe juani, na mvua ilikuwa inawaharibia kila siku. Nikawaambia, "Nipeni wiki moja tu." Nikaunda kabati la plaiwudi lenye feni, hita ya wati 2,000, kidhibiti joto nilichokiweka nyuzi 60, na rilei ya hali mango, ile ambayo mafundi wanaiita SSR. Siku 3 mambo yakaenda vizuri. Usiku wa nne mama akaniamsha: "Mwanangu, hiyo taa yako nyekundu imezima, mbona kabati linazidi kuunguza?"

Nilikimbia nikazima swichi ya ukutani. Maembe ya trei za juu yalikuwa meusi kama mkaa, na plaiwudi ilishaanza kubadilika rangi. Mama angelala fofofo usiku ule, sijui tungeamka na nini.

Naandika haya kwa sababu najua wengi wetu tunatumia SSR kwenye miradi ya mwaka wa mwisho, mashine za kutotolesha vifaranga na majiko ya umeme. Kosa langu ni rahisi kulirudia.

Inavyofanya kazi

Rilei ya kawaida ina koili inayovuta kipande cha chuma mpaka vituo vigusane, ndiyo maana unasikia "tak". SSR haina kitu kinachotembea. Ukiipa volti ndogo upande wa amri, kwa kawaida kati ya volti 3 na 32 za DC, taa ndogo iliyo ndani inawaka, na mwanga wake unaamsha nusu-kipitishi upande wa pili kipitishe umeme mkubwa. Haina kelele, haina cheche, na inaweza kuwasha na kuzima mara nyingi sana bila vituo kulika.

Ila ina tabia 2 ambazo sikuzijali. Kwanza, hata ikiwa imezima, inavujisha mkondo mdogo wa miliampea kadhaa. Kwa hiyo usishike nyaya za hita eti kwa kuwa SSR imezima. Zima swichi kuu kwanza. Pili, na hii ndiyo iliyoniponza, SSR ikiungua mara nyingi inafia ikiwa imewaka. Amri inakatika, taa inazima, lakini umeme unaendelea kupita. Asubuhi, baada ya kuitoa kabisa kwenye saketi, niliipima kwa mita upande wa mzigo, kati ya namba 1 na 2. Ukinzani ulikuwa karibu na sifuri. Nzima ingeonyesha ukinzani mkubwa sana.

Namba 25 ilinidanganya?

SSR yangu iliandikwa ampea 25. Hita ya wati 2,000 kwenye volti 230 inavuta 2,000 ÷ 230, yaani ampea 8.7. Nikajisemea, hapo pana nafasi ya kutosha. Kwenye mtihani ningepata vema.

Kumbe hesabu ilikuwa haijaisha. SSR inapopitisha umeme inabaki na takriban volti 1.2 mwilini mwake. Zidisha kwa ampea 8.7, unapata kama wati 10 za joto ndani ya kitu kikubwa kidogo tu kuliko kiberiti. Ile ampea 25 ni kwa SSR iliyofungwa kwenye bamba la alumini lenye mapezi, yaani hitisinki, tena kwenye hewa isiyo ya moto. Bila hitisinki, inabeba ampea chache tu. Mimi niliifunga kwa skrubu juu ya plaiwudi, pembeni ya tundu linalotoa hewa ya moto. Namba haikunidanganya. Mimi ndiye sikusoma masharti yake.

Jua mzigo wako kabla ya kununua

Hita ni mzigo mpole. Mkondo wake haubadiliki sana. Hata hivyo usiipe SSR zaidi ya kama theluthi 2 za namba yake. Mota ni habari nyingine: inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta mara 5 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida. Balbu ya waya ikiwa baridi inavuta mara 10 au zaidi kwa muda mfupi sana. Kwa mizigo hiyo, chagua kwa kuangalia mkondo wa kuanzia, siyo wa kawaida peke yake.

Halafu angalia aina. SSR nyingi za AC zinasubiri mkondo ufike sifuri ndipo zizime. Umeme wa betri ya sola haufiki sifuri wenyewe, kwa hiyo SSR hiyo ukiifunga hapo itawaka na haitazima. Tafuta ya DC, na kama mzigo una koili, weka diodi sambamba nao, ikiwa imeelekezwa kinyume na mkondo.

Ulinzi niliouweka safari ya pili

Nilinunua SSR ya ampea 40, nikaifunga kwenye hitisinki nje ya kabati, mapezi yakiwa wima ili hewa ipande, na grisi ya kupitisha joto katikati. Sambamba na upande wa mzigo nikaweka varista ya volti 275 ili imeze volti zinazoruka ghafla. Kabla ya SSR nikaweka fyuzi ya haraka ya kulinda nusu-kipitishi, kwa sababu shoti ikitokea, sakiti breka ya nyumbani inachelewa. SSR inakufa kwanza.

Lakini hivyo vyote ni vya kuilinda SSR. Cha kumlinda mama ni kingine: themostati ya pili, inayojitegemea, ambayo joto likifika nyuzi 80 inakata umeme wa koili ya kontakta, na kontakta inaitenga hita. Hairudi yenyewe mpaka mtu aibonyeze. Niliijaribu kwa kuunganisha namba 1 na 2 kwa waya makusudi, umeme ukiwa umezimwa, kana kwamba SSR imeungua. Kisha nikawasha, nikakaa pale pale nikitazama kipimajoto. Ilipofika 80, kontakta ikalia "tak" na hita ikakatika.

Mama akauliza, "Sasa hiyo ndiyo itakesha badala yangu?" Nikamjibu ndiyo. Wewe pia, kabla hujakabidhi mradi wako, fanya jaribio hilo. Kama SSR ikigoma kuzima hakuna kingine cha kuzima, mradi haujaisha.